Deni, Korti na Kufilisika: Jawabu kwa Ndugu wa Galbet

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wa darsa wametutaka tuandike juu ya deni, na hasa juu ya mtu aliyeshtakiwa kwa deni naye mali yake haitoshi kulipa, akawa anafikiri kujitangaza kuwa amefilisika. Nimelikubali ombi lao kwa sababu mas-ala hii niliulizwa kwa mdomo, na aliyeniuliza alikuwa na karatasi ya korti mkononi.

Nilikwenda Garissa kwa njia ya Malindi, Garsen na Hola, nikafikia kwa jamaa zetu katika mtaa wa Galbet. Usiku mmoja, baada ya sala ya Magharibi na darsa fupi, mtu mzima mmoja alibaki ameketi nyuma mpaka watu walipopungua. Kisha akasogea, akanisalimu, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa samansi. Akasema: "Sheikh, watu wangu wamenipa shauri nne, na kila moja imenitia hofu. Nataka kujua ipi itaniokoa."

Nikamwambia anieleze khabari yake tangu mwanzo, naye akaeleza. Yeye ni mfanyabiashara wa mifugo. Miaka mingi alikuwa akichukua mbuzi na ngamia kwa wafugaji kwa mkopo wa maneno, akiwapakia katika malori kwenda Nairobi na Mombasa, na akirudi analipa. Nyama tulayo sisi watu wa pwani, nyingi yapita mikononi mwa watu mfano wake. Kisha ikaja kiangazi ambacho wote twakijua: tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwanzo wa 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na katika Kenya wakafa wanyama zaidi ya milioni 2. Wanyama aliowachukua kwa mkopo baadhi yao walikufa mkononi mwake, na waliobaki aliwauza kwa bei ya ngozi. Alipoona hana la kuwapa wafugaji, akachukua bidhaa kwa mkopo katika duka la jumla, akafungua kiduka ili apate faida alipe deni la kale. Basi akawa analipa deni kwa deni, na mwenye kufanya hivyo ni kama mtu azibaye tundu la ngalawa kwa ubao alioutoa katika ngalawa hiyo hiyo.

Nikamwambia: "Leta kalamu, tuhesabu." Tukahesabu. Duka la jumla lamdai shilingi 780,000, na hilo ndilo lililoshtaki. Mfugaji mmoja amdai 400,000. Mjane mmoja, ambaye marehemu mumewe alimkopesha ngamia, amdai 240,000. Binamu yake amdai 500,000, na rafiki yake 180,000. Jumla ni shilingi 2,100,000. Na mali yake ni kiwanja chenye thamani ya 800,000, na mbuzi na bidhaa za duka za 250,000. Jumla ni 1,050,000. Yaani mali yake yote ni nusu ya deni lake, haizidi wala haipungui.

Mtu wa hali hii ndiye ambaye wanavyuoni wetu humwita muflisi: mwenye madeni yaliyokwisha fika muda wake nayo yakazidi mali yake. Sasa tuzitazame zile shauri nne alizopewa, moja baada ya moja, kwani hizo hizo ndizo wapewazo wadaiwa Mombasa, Malindi na Lamu.

SHAURI YA KWANZA: Usiipokee samansi, au ukiipokea ichane.

Mwenye kutoa shauri hii adhani ya kuwa korti haiwezi kuhukumu bila ya yeye kuwako. Amekosa. Mtu akifikishiwa samansi kwa njia ya sheria, naye asijibu katika siku zilizoandikwa juu ya karatasi hiyo, mdai aweza kuiomba korti imhukumu bila ya kusikizwa. Hapo hata kile ambacho hakuwa akidaiwa kwa haki huenda akalazimishwa kukilipa, kwa kuwa hapana aliyekikanusha. Kisha huja dalali kwa amri ya korti. Basi asiyejibu hakuliondoa shauri, bali amemwachia mwenziwe aseme peke yake.

Wako pia wasemao: "Hii si korti ya Kadhi, sisi Waislamu hatuna haja nayo." Maneno haya hayamfai mdaiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa korti za Kadhi mambo ya hali ya mtu katika dini, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Deni la biashara halimo. Lamo katika korti za mahakimu, na likiwa si zaidi ya shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa katika Korti ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na haki ya mtu juu yako haiwi batili kwa sababu ameidai mbele ya hakimu asiyekuwa Kadhi.

Na dini yetu yasemaje? Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, kisha akaamrisha ya kuwa mwenye kuyatoa maneno ya kuandikwa awe ni yule mdaiwa mwenyewe, amche Mola wake, wala asipunguze chochote katika deni hilo. Hebu zingatieni, ndugu zangu. Neno la mdaiwa ndilo lililofanywa msingi wa maandishi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kujidhuru akikiri. Nami naona jawabu anayoiandika mtu mbele ya korti ni katika jinsi hiyo hiyo. Aandike: "Nimechukua bidhaa za kadha, nimelipa kadha, imebaki kadha." Akiwa amedaiwa zaidi ya alichochukua, aikanushe ile ziada na alete risiti zake. Akiwa amezidishiwa riba, aseme, kwani katika aya ya 279 ya sura hiyo hiyo mdai ana haki ya kurudishiwa rasilimali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Lakini asikane alichokula. Kukiri kweli na kukanusha uwongo ndiyo njia ya Mwislamu mbele ya kila hakimu.

SHAURI YA PILI: Kiandikishe kiwanja kwa jina la mkeo kabla ya hukumu.

Shauri hii ndiyo iliyokuwa ikimvuta zaidi. Alisema: "Sheikh, si wizi. Kiwanja ni changu, na mke ni wangu, na watoto watalala wapi?" Nikamwambia: Ingekuwa si kwa sababu ya samansi hii, ungalimpa kiwanja leo? Akanyamaza.

Huo kunyamaza ndio jawabu. Zawadi ambayo haikutolewa miaka kumi, ikatolewa baina ya samansi na hukumu, jina lake ni zawadi, lakini hakika yake ni kuficha. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza katika Minhaj ya kuwa ni haramu kwa mtu hata kutoa sadaka kwa mali anayoihitajia kwa kulipia deni ambalo halitaraji kulilipa kwa njia nyingine. Sadaka kwa maskini, ambayo ni ibada, imekuwa haramu kwa kuwa imetoka katika haki ya watu! Itakuwaje basi zawadi ambayo nia yake ni kuwanyima?

Na katika aya ya 188 ya Suratul Baqara tumekatazwa kula mali za watu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili tule sehemu ya mali za watu hali ya kuwa twajua. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Bibi Ummu Salama waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufahamisha ya kuwa yeye ni binadamu ahukumuye kwa ayasikiayo, na huenda mmoja wa wenye shauri akawa fasaha zaidi wa hoja kuliko mwenziwe, basi atakayekatiwa kitu katika haki ya nduguye asikichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mtu haramu, hati ya kiwanja itamhalalishiaje?

Tena sheria ya nchi nayo haikulala. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa sheria ya kale ya wakati wa ukoloni, yaruhusu kutenguliwa zawadi alizotoa muflisi kabla ya kufilisika kwake, na deni lililopatikana kwa hadaa halimwondokei kwa kufilisika. Basi mwenye kuficha hupoteza kiwanja, akapoteza na ile kinga aliyoikimbilia, na mkewe akaingizwa katika shauri asilolijua.

Illa hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Ikiwa mke bado amdai mumewe mahari yake, basi naye ni mdai miongoni mwa wadai, aandikwe pamoja nao na apewe fungu lake. Na vile alivyo navyo mwenyewe, dhahabu yake na mali yake, si mali ya mumewe wala havilipi deni la mumewe. Haki ya mke isipunguzwe, lakini pia asifanywe pazia.

SHAURI YA TATU: Mlipe binamu yako kwanza, wengine watajiju.

Waliompa shauri hii ni wazee wa ukoo wake, nao walisema maneno ambayo yana uzito katika nchi ile: "Binamu yako ndiye atakayesimama nawe kesho ikiwa una msiba au una diya ya kulipa. Mjane yule hana mtu nyuma yake."

Nikamwambia: Umesema kweli, mjane hana mtu nyuma yake. Lakini yuko Mwenyezi Mungu nyuma yake, na hilo lakutosha kukuogopesha.

Zamani za Sayyidna Umar (R.A.) alikuwako mtu wa kabila la Juhayna, aitwaye Usayfi', ambaye khabari yake imo katika Muwatta ya Imamu Malik. Mtu huyu alikuwa akinunua ngamia kwa bei kubwa na kwenda mbio ili asemwe kuwa amewatangulia mahujaji. Akakopa bila ya kujali kulipa, mpaka madeni yakaizunguka mali yake yote. Sayyidna Umar alisimama akawahutubia watu khabari yake, akatangaza ya kuwa kila mwenye deni juu yake aje asubuhi, mali yake igawanywe baina ya wadai wake. Kisha akawahadharisha watu na deni, akawaambia ya kuwa mwanzo wake ni huzuni na mwisho wake ni kunyang'anywa mali. Yule alikuwa mtu wa ngamia, na huyu wa Galbet ni mtu wa ngamia, na hukumu ni moja: mali yagawanywa baina ya wadai wote, hapana wa ukoo wala wa kando.

Na kabla ya hapo, Mtume (S.A.W.) alimzuilia Muadh bin Jabal mali yake, akaiuza kwa ajili ya madeni yake. Muadh alikuwa katika wanavyuoni wa masahaba, naye hakuficha wala hakupendelewa. Kufilisika peke yake si aibu. Aibu ni khiyana.

Wanavyuoni wa Shafi wamebainisha ya kuwa Kadhi akikwisha kumzuia muflisi, mali yake huuzwa mbele yake na mbele ya wadai, na kila mdai hupata kwa kadiri ya deni lake. Kwa ndugu yetu huyu hesabu ni nyepesi, kwani mali ni nusu ya deni. Duka litapata 390,000, mfugaji 200,000, mjane 120,000, binamu 250,000, na rafiki 90,000. Jumla ni 1,050,000. Lau angemlipa binamu zile 500,000 zote, zingebaki 550,000 kwa wadai wa 1,600,000, na mjane badala ya kupata 120,000 angepata kama 82,000. Tofauti hiyo ya shilingi 38,000 angekuwa amemnyang'anya nani? Ni mjane, na pengine mayatima.

Kweli, wanavyuoni wamesema ya kuwa kabla ya kuzuiwa na Kadhi, malipo ya mdaiwa kwa mdai mmoja yasihi. Lakini kusihi kwa malipo ni jambo moja, na kukusudia kumdhuru asiye na nguvu ni jambo jingine. Na sheria ya nchi nayo huyatazama malipo ya namna hii, ya kumpendelea mdai mmoja karibu na kufilisika, na huweza kuyarudisha.

SHAURI YA NNE: Kimbilia kufilisika, baada ya miaka 3 utakuwa huru.

Shauri hii ndiyo ngumu katika zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Sheria ile ya mwaka 2015 yampa mdaiwa mwenyewe ruhusa ya kuiomba korti imtangaze kuwa amefilisika. Akikwisha tangazwa, mashtaka ya madeni dhidi yake husimama, mali yake huingia mikononi mwa afisa wa Serikali au msimamizi mwingine aliyewekwa, ikauzwa na kugawanywa. Na yeye hutakiwa atoe maelezo ya mali yake yote na madeni yake yote. Tangu siku aliyoyatoa maelezo hayo, ikipita miaka 3 bila ya pingamizi, sheria humfungua.

Je, yafaa Mwislamu kuomba jambo hili? Nasema yafaa, akiwa mkweli na mwenye dharura. Wanavyuoni wetu wamezungumza juu ya muflisi mwenyewe kumwomba Kadhi amzuie, na kauli iliyo sahihi katika madhehebu ni kuwa hukubaliwa. Faida yake ni kuwa mdai mmoja mwenye mbio hatakula kila kitu kabla ya wenziwe. Katika khabari ya Galbet, duka la jumla ndilo lenye wakili, nalo lingeweza kukiuza kiwanja peke yake, mjane asijue mpaka mnada umekwisha. Basi ikiwa makusudio ni kuwasawazisha wadai, hilo ni jambo jema.

Na kabla ya kufika huko iko njia nyingine. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, yazihimiza korti zisaidie sulhu, na sheria ya ufilisi nayo ina mlango wa mdaiwa kupatana na wadai wake wote bila ya kutangazwa muflisi. Mapatano yakiandikwa na kuwekwa mbele ya korti huwa na nguvu ya hukumu. Sulhu itangulie, kwani kesi ina gharama zake, na shilingi anayoichukua wakili au dalali haimfikii mdai.

Ama nusu ya pili ya shauri ile, ya kuwa baada ya miaka 3 utakuwa huru, hiyo si kweli mbele ya Mwenyezi Mungu. Sheria ya nchi yaweza kumzuia mdai asikushtaki. Haiwezi kumsamehe kwa niaba yake. Katika dini yetu, mali ya muflisi ikikwisha gawanywa, kilichobaki hubaki katika dhima yake mpaka alipe au asamehewe na mwenye haki. Ndugu yetu akigawa 1,050,000, bado ana deni la 1,050,000 nyingine. Hatalazimishwa kulipa akiwa hana, wala hatasumbuliwa, lakini deni lipo. Siku Mwenyezi Mungu atakapomfungulia riziki, iwe baada ya miaka 3 au 13, awaendee.

Nani asiyejua khabari ya jeneza lililoletwa kwa Mtume (S.A.W.), akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa anazo dinari, akawaambia masahaba wamsalie wao? Hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Ilikuwa dinari chache tu! Na katika hadithi nyingine aliyoipokea Bukhari, tumefahamishwa ya kuwa mwenye kuchukua mali za watu akitaka kuzilipa, Mwenyezi Mungu humlipia, na mwenye kuzichukua akitaka kuziharibu, Mwenyezi Mungu humharibu yeye. Basi watu wawili huenda wakasimama korti moja, siku moja, wakatangazwa wote wawili kuwa wamefilisika, mmoja akatoka hali ya kuwa Mola wake ni msaidizi wake, na wa pili akatoka hali ya kuwa Mola wake ni khasimu wake. Tofauti yao haimo katika karatasi, imo katika nia.

NENO KWA WADAI

Nisionekane nimesema na mdaiwa peke yake. Enyi mnaodai! Aya ya 280 ya Suratul Baqara ni yenu. Mdaiwa akiwa na dhiki, ni wajibu kumngoja mpaka apate wasaa, na mkimsamehe ni bora kwenu. Mwenye nacho akichelewesha amedhulumu, na huyo mpelekeni popote. Lakini asiyekuwa nacho mtamkamua nini?

Wako wadai ambao hukimbilia kuomba mdaiwa afungwe. Sheria ya Kenya yaruhusu kifungo cha deni kisichozidi miezi 6, lakini hakimu hatakiwi kumfunga mtu kwa umaskini wake tu. Atakiwa aone kuwa mtu huyo ana uwezo akakataa, au ataka kukimbia au kuficha mali. Na kufungwa kwenyewe hakufuti deni. Basi mdai amfungishaye maskini hapati mali yake, na huwanyima watoto wa mwenziwe mlezi. Wanavyuoni wetu nao wamesema ya kuwa ambaye kufilisika kwake kumethibiti, hafungwi wala haandamwi. Hata dalali wa korti amekatazwa na sheria kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, na zana za kazi yake. Ikiwa sheria ya watu ina huruma hiyo, Mwislamu asiwe mgumu kuliko sheria hiyo.

Na kumbukeni khabari ya Kaab bin Malik, aliyemdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti mpaka sauti zao zikapanda. Mtume (S.A.W.) alitoka, akamwashiria Kaab aondoe nusu ya deni. Kaab akakubali papo hapo. Kisha Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwamuru ainuke akalipe. Tazameni uadilifu huu: mdai amesamehe nusu, na mdaiwa amelipa nusu bila ya kuchelewa. Sulhu isiyokuwa na pande hizi mbili ni dhulma kwa mmoja wao.

NENO KWA SISI SOTE

Alikuwako mtu zama za Mtume (S.A.W.) aliyepatwa na maafa katika matunda aliyoyanunua, madeni yake yakawa mengi. Mtume akawaamuru watu wampe sadaka. Wakampa, isitoshe kulipa deni. Ndipo akawaambia wadai wachukue walichokipata, hawana zaidi ya hicho wakati ule. Angalieni mpango wake: kwanza umma ulichanga, kisha ndipo wadai wakaambiwa waridhike. Sisi twataka wadai wasamehe, na sisi wenyewe hatukutoa hata senti.

Wenye madeni ni fungu katika mafungu manane ya zaka, kwa aya ya 60 ya Suratut Tawba. Ni mangapi katika miji yetu ya pwani ambayo zaka yake imewahi kumwondolea mtu deni moja zima? Zaka yetu twaigawa vipande vipande vya shilingi mia, kila mwombaji apate nauli ya kurudi kwake, na mwakani arudi tena. Kwa arusi twachanga malaki kwa usiku mmoja, na wengine hukopa ili wafanye khitma ya kusifiwa na majirani, wakamwachia maiti deni badala ya dua. Ndugu zetu wa Garissa wana desturi ya kuchangiana diya, na hiyo ni desturi ya kuigwa. Sisi na wao tuichukue kwa wenye madeni waliopatwa na maafa bila ya israfu.

Wazee wetu wa Unguja na Pemba waliona deni likiwala mashamba yao ya karafuu, mpaka mwaka 1934 serikali ya wakati huo ikalazimika kutoa amri ya kuzuia ardhi isiwatoke kwa madeni. Amri ilikuja baada ya watu kukopa kwa miaka mingi. Lau wangechangiana mapema, na lau wangekopa kwa haja tu, pengine wasingefika huko.

KHATIMA

Mtataka kujua ya yule ndugu wa Galbet. Asubuhi ya pili alikuja na mkewe, na mke ndiye aliyesema kwanza: "Sikitaki kiwanja cha watu." Tukaandika karatasi moja yenye wadai wote watano na mali yote, mpaka mbuzi wa mwisho. Akaipeleka jawabu yake kortini kabla ya siku kwisha, akikiri deni na akikanusha ziada. Kisha akawaita wadai baada ya sala ya Ijumaa, akawasomea karatasi ile. Rafiki alimsamehe lote. Binamu alikasirika, akaondoka, kisha akatuma mtu kusema atachukua fungu lake pamoja na wenziwe. Mjane aliomba siku za kufikiri, na hiyo ni haki yake. Duka la jumla mpaka naondoka halikujibu, na shauri lilikuwa lingali kortini. Huenda akalazimika kufilisika kwa sheria, huenda asilazimike. Lakini aliniambia ya kuwa usiku ule alilala, naye alikuwa na miezi hajalala.

Namalizia kwa hadithi aliyoipokea Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba ni nani muflisi. Wakajibu ya kuwa ni yule asiyekuwa na dirhamu wala kitu. Akawafahamisha ya kuwa muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, naye amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amempiga yule. Basi wadai wake watalipwa katika mema yake, na mema yakimalizika kabla ya haki zao kwisha, atatwikwa dhambi zao, kisha atupwe Motoni. Kufilisika kwa korti ya Garissa kuna mwisho wake. Kufilisika kule hakuna msimamizi wala muda wa miaka 3.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atukinge na uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu, awape wasaa wenye dhiki, azilainishe nyoyo za wenye kudai, na asituondoe duniani ila dhima zetu ni safi. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.